Edwin Moon: Rubani aliyetekwa Rufiji mwaka 1917 na kurudi hai

Tukizungumzia Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wengi tunafikiria Ulaya. Lakini vita hivyo vilipita hapa kwetu. Mwaka 1916 majeshi yalipita Korogwe, yakaingia Handeni, yakaendelea kusini hadi mto Lukigura na kuvuka. Juu ya majeshi hayo ziliruka ndege, kitu ambacho wakazi wengi wa Uzigua walikuwa hawajawahi kukiona.

Katika makala haya tunaeleza maisha ya rubani mmoja wa vita hivyo, Edwin Rowland Moon. Alikuwa Mwingereza, fundi aliyejitengenezea ndege yake mwenyewe. Januari 1917 injini ilimharibikia juu ya delta ya Rufiji. Alihangaika siku tatu kwenye mikoko na baharini, akampoteza mwenzake, akatekwa na Wajerumani, na akakaa mateka zaidi ya miezi 10. Alirudi hai, akarudi tena kwenye kazi ya kuruka.

Tunaeleza pia vita hivyo vilivyopita kwetu, sheria inasema nini kuhusu mateka, na kwa nini jina la Moon linajulikana hadi leo wakati majina ya babu zetu wengi waliobeba mizigo ya vita hivyo yamepotea.

Moon alikuwa nani?

Edwin Rowland Moon alizaliwa Juni 1886 katika mji wa Southampton, kusini mwa Uingereza. Southampton ni mji wa bandari, na familia yake ilikuwa na biashara ya kutengeneza boti. Kwa hiyo tangu utotoni alikulia kwenye mbao, misumari na maji.

Ndege ya kwanza yenye injini iliruka Marekani mwaka 1903. Miaka michache baadaye vijana wengi wa Ulaya walishikwa na hamu ya kutengeneza za kwao. Moon alikuwa mmoja wao. Kati ya 1909 na 1910 alitengeneza ndege aliyoiita Moonbeam, yaani mwali wa mwezi, kwa kuwa jina lake la ukoo, Moon, maana yake ni mwezi.

Kazi hiyo aliifanyia ndani ya jengo la kale la mawe linaloitwa Wool House. Lilijengwa karne nyingi zilizopita kuwa ghala la sufi ya kondoo. Baadaye, Uingereza ilipokuwa ikipigana na Ufaransa, jengo hilo lilitumika kufungia mateka wa vita wa Kifaransa, na baadhi yao walichonga majina yao kwenye boriti za paa. Moon alitengeneza ndege yake chini ya boriti hizo, bila kujua kwamba siku moja naye angekuwa mateka.

Ndege yake aliijaribu kwenye mashamba ya North Stoneham, nje ya mji. Leo mahali hapo pana uwanja wa ndege wa Southampton.

Vita vilipoanza mwaka 1914 Moon alijiunga na kikosi cha anga cha jeshi la majini la Uingereza. Marubani wa kikosi hicho walirusha, pamoja na nyingine, ndege zenye maboya chini badala ya magurudumu. Ndege hizo ziliruka kutoka majini na kutua majini, na meli ya kivita iliweza kuzibeba na kuzishusha kwa winchi.

Vita vilifikaje Tanganyika?

Wakati huo nchi yetu ilikuwa koloni la Wajerumani, na Kenya ilikuwa chini ya Waingereza. Vita vya wakubwa wao Ulaya vikawa vita vya huku pia.

Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliivamia manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyokuwa ikitengenezwa Zanzibar, ikaizamisha. Kisha Königsberg ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Delta ni mahali mto unapogawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini. Ile ya Rufiji ina mikoko minene, na kutoka baharini meli iliyo ndani haionekani.

Waingereza wakaona kwamba dawa ni ndege. Walimchukua rubani wa kiraia aliyekuwa Afrika Kusini, Dennis Cutler, pamoja na ndege ya kutua majini. Novemba 1914 Cutler aliruka juu ya delta akaiona Königsberg. Mwezi uliofuata ndege yake ilishuka kwenye delta na yeye akatekwa. Hivyo Moon hakuwa rubani wa kwanza kuwa mateka Rufiji.

Königsberg iliangamizwa Julai 11, 1915. Meli mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, ziliingia mdomo wa mto na kuipiga, huku ndege kutoka kisiwa cha Mafia zikiwaelekeza wapiga mizinga. Lakini Wajerumani waliifungua mizinga 10 mikubwa ya manowari hiyo, wakaiwekea magurudumu, na kuitumia nchi kavu.

Vita vilipopita Korogwe na Handeni

Mwaka 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini lilishuka kutoka upande wa Kilimanjaro, likifuata mto Pangani na reli ya Tanga. Mapema Juni lilifika Mombo. Katikati ya Juni lilikuwa Korogwe, na siku chache baadaye likaingia Handeni. Juni 24 mapigano makali yalitokea mto Lukigura. Wajerumani waliendelea kurudi nyuma. Morogoro ilitekwa mwishoni mwa Agosti, na Dar es Salaam Septemba 4, 1916.

Kati ya Mombo na Handeni Wajerumani walikuwa wamejenga kijireli chembamba cha kupitishia matoroli ya mizigo yaliyosukumwa na watu. Reli kubwa ilipita Korogwe na Mombo bila kuelekea kusini, kwa hiyo toka hapo kwenda kusini mizigo mingi ilitegemea migongo na mikono ya watu.

Pamoja na jeshi la Smuts kilikuwepo kikosi cha 26 cha ndege, kilichokuwa na marubani wengi kutoka Afrika Kusini. Kilifika Mombasa mwanzoni mwa 1916. Kazi yake kubwa ilikuwa upelelezi: kuruka juu ya pori, kutazama adui yuko wapi, na kurudi kutoa taarifa. Haikuwa kazi rahisi. Ukiruka juu ya pori la Handeni unaona vichwa vya miti tu, na askari aliyekaa kimya chini ya mti huwezi kumwona.

Wanyama wa mizigo hawakudumu. Mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe kwa maelfu. Ndiyo maana pande zote mbili ziliwachukua watu kuwa wapagazi, wengi wao kwa lazima. Tutarudi kwao mwishoni mwa makala haya.

Januari 6, 1917: injini yazima

Mwanzoni mwa 1917 Waingereza walikuwa wamefika mto Rufiji. Januari 4 mapigano ya Behobeho yalimuua mwindaji maarufu Frederick Selous, ambaye jina lake lilipewa pori kubwa la akiba. Sehemu kubwa ya pori hilo sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Siku mbili baadaye, Januari 6, Moon aliruka kwa ndege ya maboya kwenda kuipeleleza delta. Pamoja naye alikuwa Kamanda Richard Bridgeman, afisa wa majini aliyekaa kama mwangalizi. Katika ndege za wakati ule rubani alishughulika na usukani na injini, na mwangalizi alitazama chini na kuandika anachokiona.

Wakiwa juu ya delta injini ilianza kusumbua. Moon alilazimika kutua kwenye moja ya hori za delta, ndani ya eneo lililokuwa bado mikononi mwa Wajerumani. Ndege isingeweza kuruka tena. Sheria ya kazi yao ilikuwa kutoiacha ndege ikaangukia mikononi mwa adui, kwa hiyo waliiharibu wenyewe. Wakabaki wawili kwenye tope, bila chakula, na meli yao iko mbali baharini.

Siku tatu kwenye mikoko

Aliyewahi kuingia kwenye mikoko anajua hali ilivyo. Maji yanapokupwa unazama kwenye tope hadi magotini, na mizizi imesimama kama vigingi. Maji yanapojaa, mahali ulipopita panakuwa na kina cha kuogelea. Maji yamekuzunguka pande zote lakini ni ya chumvi, hayanyweki.

Moon na Bridgeman walitaka kufika baharini, wakitumaini kuonekana na meli zao. Mara kwa mara walilazimika kuogelea kuvuka hori. Chini kulikuwa na makombe yenye makali kama wembe, yaliyowachana miguu. Chakula walichopata kilikuwa kidogo mno, au hawakupata kabisa.

Asubuhi ya Januari 7 waliunda chelezo kwa nguzo tatu na fremu za madirisha. Hapo tunamwona tena mtoto wa watengeneza boti: hata mahali pale alipata cha kuunganisha. Walipanda chelezo hicho, wakapiga kasia na kuchukuliwa na mkondo siku hiyo yote na siku ya Januari 8.

Asubuhi ya Januari 9 mkondo uliwatoa nje hadi bahari kuu. Bridgeman hakuwa mtu mwenye mwili wa nguvu. Njaa, kiu, jua la mchana na baridi ya usiku ndani ya nguo zilizolowa vilikuwa vimemmaliza. Moon alijitahidi kwa kila alichoweza kumwokoa, lakini Bridgeman alifariki huko baharini.

Jioni ya siku hiyo Moon, peke yake, alifanikiwa kufika pwani. Aliokolewa na nchi kavu, lakini nchi kavu hiyo ilikuwa ya adui. Wajerumani wakamteka.

Mateka kwa zaidi ya miezi 10

Mateka wengi wa Kizungu waliokamatwa miaka ya mwanzo ya vita waliwekwa Tabora. Hao walikombolewa Septemba 1916, Wabelgiji kutoka Kongo walipouteka mji huo. Moon alitekwa baada ya hapo, wakati Wajerumani wamebakiwa na sehemu ya kusini ya nchi tu.

Jeshi lililomshika lilikuwa jeshi linalohamahama. Kamanda wake, Paul von Lettow-Vorbeck, hakuwa na meli ya kumletea dawa wala chakula, kwa kuwa pwani yote ilikuwa imezibwa na manowari za Waingereza. Askari wake walikula kilichopatikana vijijini. Malaria na kuhara viliwaangusha watu wa pande zote. Katika hali kama hiyo mateka naye hawezi kushiba wakati anayemlinda ana njaa.

Kadiri Waingereza walivyosonga mbele, ndivyo eneo la Wajerumani lilivyozidi kuwa dogo. Novemba 1917 walikuwa wamebanwa kwenye nyanda za Makonde. Novemba 21, 1917, Moon akawa huru. Siku nne baadaye, Novemba 25, Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma na kuingia Msumbiji akiwa na kikosi kilichopunguzwa. Aliendelea kupigana mwaka mwingine mzima, hadi alipoweka silaha chini Novemba 25, 1918 katika mji ambao sasa unaitwa Mbala, nchini Zambia.

Baada ya kuachiliwa

Machi 1918 serikali ya Uingereza ilitangaza kumpa Moon nishani ya DSO, moja ya nishani kubwa kwa maofisa wa jeshi lake. Sababu iliyotajwa haikuwa kumpiga adui. Ilikuwa ushujaa wake katika siku zile tatu, na hasa namna alivyopigania uhai wa mwenzake. Ndiyo maana tunajua habari za chelezo, makombe na fremu za madirisha: ziliandikwa kwenye tangazo la nishani hiyo.

Mwezi uliofuata, Aprili 1, 1918, Uingereza iliunganisha vikosi vyake vya anga vya nchi kavu na vya majini kuwa jeshi moja la anga, linaloitwa RAF hadi leo. Moon akawa afisa wa jeshi hilo jipya na akaendelea na kazi aliyoijua, ndege za majini.

Vita viliisha, naye angeweza kurudi kwenye boti za familia. Hakurudi. Alikuwa kwenye kituo cha Felixstowe, mashariki mwa Uingereza, kituo kikubwa cha ndege kubwa za kutua majini, akiwa amefikia cheo cha kiongozi wa kikosi. Huko, Aprili 29, 1920, ndege aliyokuwamo ilianguka naye akafa. Alikuwa na umri wa miaka 33. Amezikwa Southampton, mji aliozaliwa.

Rufiji ilimwachia, lakini kazi yake haikumwachia. Katika miaka ile ndege zilikuwa za mbao na vitambaa, na injini zilizima bila taarifa. Marubani wengi walikufa katika mazoezi ya kawaida, pasipo risasi hata moja.

Sheria inasema nini kuhusu mateka?

Wasikilizaji wanaweza kujiuliza: adui akikamatwa, kwa nini asiuawe? Jibu ni kwamba askari aliyeweka silaha chini au aliyeshindwa kupigana si tena tishio. Tayari mwaka 1907 mataifa yalikubaliana mjini The Hague, Uholanzi, kwamba mateka watendewe kwa ubinadamu. Mwaka 1929, na tena 1949, mikataba ya Geneva iliongeza nguvu. Mambo makuu ni haya:

- Mateka asiuawe, asiteswe, wala asidhalilishwe mbele ya watu.
- Apewe chakula, maji, malazi na matibabu.
- Akihojiwa, analazimika kutaja jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi tu.
- Aruhusiwe kuwasiliana na familia yake.
- Mapigano yakiisha, arudishwe kwao bila kucheleweshwa.

Sheria hizo huvunjwa mara nyingi, na Afrika Mashariki ina mifano. Rubani wa Ethiopia, Legesse Teferra, alitekwa katika vita vya Ogaden kati ya Ethiopia na Somalia mwaka 1977. Vita hivyo viliisha mwaka uliofuata, lakini yeye alikaa kifungoni Somalia miaka 11, hadi nchi hizo mbili zilipobadilishana mateka mwaka 1988. Ukilinganisha, miezi 10 ya Moon ni mifupi. Lakini kwa mama au mke anayesubiri nyumbani, hata mwezi mmoja bila habari ni mrefu.

Ndiyo sababu mwaka 1914 Shirika la Kimataifa la Msalaba Mwekundu lilifungua ofisi mjini Geneva ya kuandika kadi za mateka, ili familia zijue nani yuko hai. Mamilioni ya kadi yaliandikwa. Hadi leo Msalaba Mwekundu husaidia familia kutafuta ndugu waliopotea kwa sababu ya vita.

Wale wasioandikwa

Sasa turudi kwa wapagazi. Katika vita vya Afrika Mashariki pande zote zilitumia wapagazi wengi kuliko askari, kwa jumla mamia ya maelfu ya watu. Walibeba unga, risasi, mizinga iliyofunguliwa vipande, na majeruhi. Wengi hawakuuawa na risasi, bali na kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa. Kwa upande wa Waingereza peke yake inakadiriwa wapagazi wapatao 100,000 walikufa. Jina la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi, na Nairobi pia pana mtaa wenye jina la asili hiyo hiyo.

Tunajua Moon aliunda chelezo kwa nguzo ngapi. Tunajua siku aliyotekwa na siku aliyoachiwa. Lakini kijana wa Uzigua aliyebebeshwa mzigo mwaka 1916 akafa njiani kabla ya kufika Morogoro, mara nyingi hatujui hata alizikwa wapi.

Hili si lalamiko letu peke yetu. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Hatusemi Moon asikumbukwe. Mtu aliyekataa kumwacha mwenzake baharini anastahili kukumbukwa popote. Tunasema kwamba alikumbukwa kwa sababu kuna aliyeandika. Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayejua habari za babu aliyekwenda vitani kama askari au mpagazi, msikilize sasa. Andika jina kamili, kijiji, nani alisimulia, na tarehe uliyosimuliwa. Simu uliyonayo mkononi inaweza kurekodi sauti yake. Usisubiri msiba ndipo uanze kuuliza.

Kwa ufupi

- 1886: Moon azaliwa Southampton, Uingereza.
- 1909–1910: Atengeneza ndege yake, Moonbeam.
- 1914: Vita vyaanza, ajiunga na kikosi cha anga cha majini.
- Juni 1916: Jeshi la Smuts lapita Korogwe na Handeni.
- Januari 6, 1917: Moon na Bridgeman watua kwa dharura delta ya Rufiji.
- Januari 9, 1917: Bridgeman afariki; Moon atekwa.
- Novemba 21, 1917: Moon aachiliwa.
- Machi 1918: Atangazwa kupewa nishani ya DSO.
- Novemba 25, 1918: Vita vyaisha Afrika Mashariki.
- Aprili 29, 1920: Moon afa katika ajali ya ndege, Felixstowe.